Mtawa na Bilauri ya Divai: Historia ya Kicheko katika Uchoraji wa Munich

Katika nyumba za minada na maduka ya vitu vya kale huko Ulaya, ipo picha ya rangi ya mafuta inayojirudia mno, hata mtazamaji akadhani kwamba zote zimetoka katika mkono mmoja. Mtawa mnene, aghalabu mzee, amesimama au ameketi katika ghala lililo chini ya ardhi. Kanzu yake ni ya kahawia au nyeusi. Ukanda umezunguka tumbo ambalo halikuzoea mfungo. Shada la funguo linaning'inia ubavuni. Mapipa yaliyo nyuma yake yamezama gizani. Ameinua bilauri ya divai kuikabili nuru inayoingia kwa dirisha dogo au inayotoka kwa mshumaa, na jicho lake linaipima rangi ya kinywaji kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. Mchoraji naye ameyapaka mashavu na pua ya mtawa wekundu ule ule ulio katika bilauri. Hiyo ndiyo hadithi yote ya picha: divai imekwisha kupita hapa kabla ya mtazamaji kufika.

Picha za aina hii zilichorwa kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, na aliyezipa umbo linalotambulika mara moja ni Eduard von Grützner (1846–1925), aliyefanya kazi mjini Munich, Bavaria. Wanaozitazama huzisoma kwa namna mbili. Wapo wanaozichukua kuwa kumbukumbu za maisha ya monasteri: hivi ndivyo watawa walivyoishi. Wapo wengine wanaoziona kuwa tashtiti: mchoraji anaufichua unafiki wa wale walioapa ufukara na kiasi. Makala haya yanadai kwamba usomaji wa kwanza hauna msingi, na kwamba ule wa pili unaazima jina la zama nyingine. Tashtiti dhidi ya mtawa mlevi ilikuwepo kweli, na ilikuwa na meno. Lakini ilipofika katika turubai za Munich, aliyechekwa alikuwa amekwisha kunyang'anywa ghala lenyewe. Swali linalofaa kuulizwa mbele ya picha hizi, basi, ni hili: ghala ni la nani?

Kabla ya kulijibu, istilahi zinahitaji kuwekwa sawa, kwa maana Kiswahili kina hazina hapa ambayo mhakiki hawezi kuipuuza. Neno mtawa humhusu yeyote aliyejitenga kwa ibada, awe mume au mke. Rahibu limetoka katika Kiarabu, nalo huja pamoja na mtazamo wa Kiislamu juu ya watawa wa Kikristo. Mmonaki ni la Wabenedikto wenyewe, na hutumika zaidi kusini mwa Tanzania, ambako pia makao yao makuu huitwa abasia. Kinywaji nacho kina majina yenye safari tofauti: mvinyo limepitia kwa Wareno, divai kwa Wafaransa, na hamri kwa Waarabu. Ni divai iliyoingia katika Biblia na katika misa. Mvinyo limebaki na harufu ya kilabu. Kwa sababu hiyo, kichwa cha makala haya kinasema divai: utata wa picha unatokana na kwamba kinywaji kilichomo katika bilauri ni kile kile kinachowekwa juu ya altare.

Uhusiano wa mtawa na divai haukubuniwa na wachoraji. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura nzima, ya 40, kuhusu kipimo cha kinywaji. Mwandishi wake anakiri kwamba divai haiwafai watawa hata kidogo, lakini kwa kuwa watawa wa wakati wake hawashawishiki kuamini hivyo, anawaruhusu hemina moja kwa siku, kipimo kinachokadiriwa kuwa kati ya robo na nusu lita. Hii ni sheria inayotungwa kwa kuguna. Sura ya 31 inamhusu mtunza ghala, naye anatakiwa awe mtu mwenye hekima, asiye mlafi, anayevitunza vyombo vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Shada la funguo katika picha za Grützner limetoka huko. Mtu huyu mwenye bilauri si mvivu aliyejipenyeza kwa wizi. Kuonja ni sehemu ya wadhifa wake, na ucheshi wa picha umesimama juu ya ukweli huo. Nani atamwambia mtunza ghala kwamba ameonja vya kutosha?

Fasihi ya zama za kati iliuona mwanya huu mapema. Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alimchora mtawa apendaye kuwinda na bata maji wa kuchoma, na pamoja naye ndugu wa shirika la ombaomba anayezijua baa za kila mji kuliko anavyowajua wakoma. Karne moja na nusu baadaye, Rabelais alimwumba Ndugu Jean katika Gargantua (1534), mtawa anayeshika mti wa msalaba na kuwatwanga askari waliovamia shamba la mizabibu la abasia, huku wenzake wakiimba zaburi kanisani. Linalopasa kukumbukwa ni mahali waliposimama waandishi hawa. Rabelais mwenyewe alikuwa Mfransisko kabla ya kuhamia kwa Wabenedikto. Kicheko chake kilitoka ndani ya ukuta, na kilielekezwa kwa taasisi iliyomiliki ardhi, iliyokusanya zaka, na iliyoweza kumpeleka mtu motoni. Katika mazingira hayo, tumbo la mtawa lilikuwa hoja ya kiuchumi: limejazwa na jasho la nani?

Huenda msomaji wa Kiswahili akaukumbuka mkondo mwingine wa jambo hili, ulio karibu naye kuliko anavyodhani. Katika ushairi wa Kiarabu wa zama za Abbasi, monasteri za Kikristo za Iraki zilikuwa mahali pa divai. Al-Shabushti, katika karne ya 10, alikusanya kitabu kizima kuhusu monasteri hizo na mashairi yaliyotungwa kwazo. Bingwa wa ushairi wa hamri alikuwa Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, yule yule aliyeingia katika hekaya za Kiswahili kwa jina la Abunuwasi. Katika mkondo huo majukumu yamegeuzwa: rahibu ndiye anayeuza au anayemimina, na anayelewa ni mshairi. Rahibu hachekwi, anahitajika. Hekaya za pwani ya Afrika Mashariki zilimpokea Abunuwasi pamoja na ujanja wake wote na makabiliano yake na Sultani, zikaiacha divai njiani, na rahibu akabaki nayo. Uteuzi huo wa kimyakimya unastahili utafiti wake wenyewe. Hapa unatosha kuonyesha kwamba mtawa na divai si ishara yenye maana moja popote iendapo. Maana yake hutegemea nani anakunywa, na kwa ghala la nani.

Turudi Bavaria. Tukio linaloigawa historia ya ishara hii mara mbili lilitokea mwaka 1803. Chini ya waziri Montgelas, dola ya Bavaria ilizitaifisha abasia zake. Mashirika ya ombaomba yalikuwa yamekwisha kuguswa mwaka uliotangulia. Tarehe 25 Februari 1803, uamuzi wa Dola Takatifu ya Kirumi ukaihalalisha hatua ya namna hiyo kwa watawala wa Kijerumani kwa jumla. Watawa walitawanywa kwa pensheni ndogo. Ardhi, misitu, viwanda vya pombe, madhabahu, vyombo vya fedha na vitabu vikapata wenye vipya. Kiwanda cha bia cha Weihenstephan kikawa mali ya dola, nacho kingali hivyo. Eberbach, abasia ya Wasistersiani katika bonde la Rhine iliyoanzishwa mwaka 1136, ilipoteza watawa wake mwaka huo wa 1803, lakini mizabibu na mapipa havikusimama hata msimu mmoja: divai ikaendelea kutengenezwa kwa faida ya watawala wa Nassau, na baada ya 1866 kwa faida ya Prussia. Ghala lilibaki, funguo zikabadilisha kiuno.

Kuna ushahidi wa kifasihi unaouweka mwaka huo mahali pake hasa. Johann Christoph von Aretin, aliyetumwa kuchagua vitabu vya abasia zilizofungwa kwa ajili ya maktaba ya mtawala mjini Munich, alifika Benediktbeuern. Humo kulikuwa na hati ya karne ya 13 yenye mashairi zaidi ya 200, mengi ya Kilatini, yakiwemo ya mapenzi, ya kamari, ya ulevi, na ya kukejeli uchoyo wa wakuu wa Kanisa. Johann Andreas Schmeller aliichapisha mwaka 1847 na kuipa jina inalojulikana nalo hadi leo, Carmina Burana. Mfano ulio wazi kuliko huu ni nadra kupatikana. Mashairi makali kabisa ya kuwacheka makasisi walevi yalikuwa yametunzwa na watawa wenyewe kwa muda mrefu, na umma uliyapata kwa sababu watawa hao walifukuzwa. Kicheko kilitaifishwa pamoja na ghala.

Baada ya 1803 mtawa katika fasihi ya Ulaya alianza kuwa mtu wa kupendeza. Kabla ya hapo kidogo, riwaya ya Matthew Lewis, The Monk (1796), ilikuwa bado ikimchora kuwa jini la kutisha. Katika Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa 1819, Walter Scott anamleta mtawa wa msituni anayeficha pasteti na divai kabatini huku akijidai kuishi kwa mbaazi kavu na maji, na msomaji anatakiwa ampende. Mwaka 1821 mtawa wa zamani wa abasia ya Hautvillers huko Champagne, Dom Grossard, aliandika barua akidai kwamba mtunza ghala wao wa kale, Pierre Pérignon (aliyefariki 1715), ndiye aliyegundua siri ya divai yenye mapovu. Wanahistoria wameikataa sifa hiyo. Hata hivyo, barua yenyewe ni hati ya maombolezo: imeandikwa na mtu ambaye abasia yake ilifungwa na Mapinduzi, akitaka walioirithi mizabibu wakumbuke angalau jina moja. Walilikumbuka, wakalibandika juu ya chupa.

Grützner alizaliwa katika mazingira haya, kwa upande wa waliofungiwa. Kijiji chake, Groß-Karlowitz karibu na Neisse, kilikuwa katika Silesia, eneo la Kikatoliki chini ya Prussia (leo ni sehemu ya Polandi). Prussia ilikuwa imezitaifisha monasteri za Silesia mwaka 1810, miaka 36 kabla ya kuzaliwa kwake. Wazazi wake walikuwa wakulima, na padri wa parokia ndiye aliyetambua kipaji chake na kumsaidia apate elimu. Mwaka 1864 alifika Munich. Mwaka 1867 aliingia darasa la Karl von Piloty katika Akademia ya Sanaa, mwalimu aliyewafunza wanafunzi wake kuijenga picha ya kihistoria kama onyesho la jukwaani, lenye mavazi sahihi na vifaa sahihi. Kufikia 1870 alikuwa na karakana yake mwenyewe. Alikusanya kwa bidii sanaa ya Kijerumani ya mwisho wa zama za kati, na nyumba aliyojijengea mjini Munich katika miaka ya 1880 ilijaa vitu hivyo. Msomaji ajiulize vitu vya namna hiyo vilifikaje sokoni katika karne ya 19. Mengi ya makanisa na monasteri yalikuwa yamekwisha kuvuliwa.

Pamoja na watawa, Grützner alimchora mhusika mwingine maisha yake yote: Falstaff wa Shakespeare. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Falstaff na mtunza ghala wa Grützner wana mwili mmoja. Tumbo ni lile lile, wekundu ni ule ule, hata namna ya kuegemea kiti haitofautiani sana. Kilichobadilika ni vazi. Mchoraji hakwenda monasterini kumtafuta mtawa wake. Alimpata katika tamthilia, akamvisha kanzu. Lakini Falstaff wa Shakespeare ana hatima: Mfalme mpya anamkana hadharani, na kicheko chote cha kabla ya hapo kinageuka uchungu. Mtawa wa Grützner hana hatima yoyote. Hakuna abate anayeingia mlangoni, hakuna mkulima anayedai zaka yake, hakuna deni, hakuna kesho. Bilauri itabaki imeinuliwa. Tashtiti huhitaji mtu atakayeumia, au angalau mtu atakayeona haya, na hapa mchoraji amewaondoa wote wawili.

Ukimya huo unashangaza zaidi ukiwekwa ndani ya wakati wake. Karakana ya Grützner ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ambayo dola ya Kijerumani na Kanisa Katoliki zilikuwa vitani kwa sheria. Mwezi Desemba 1871, kwa hoja ya waziri wa Bavaria Johann von Lutz, mahubiri ya kisiasa yalifanywa kosa la jinai. Mwaka 1872 Wajesuiti walipigwa marufuku. Mwaka 1875 Prussia iliyafunga mashirika ya kitawa, ila yale ya kuuguza wagonjwa, na Wabenedikto wa Beuron wakaenda uhamishoni Austria hadi 1887. Wasanii wengine walijua wanachofanya. Wilhelm Busch alichapisha Pater Filucius mwaka 1872, hadithi ya picha dhidi ya Wajesuiti ambayo haikumwacha yeyote akijiuliza mwandishi yuko upande gani. Hiyo ni tashtiti, tukubaliane nayo tusikubaliane. Grützner katika miaka hiyo hiyo alichora watu wakionja divai.

Hapa mhakiki anaweza kupinga, na pingamizi lake lina nguvu. Munich haikukosa watawa. Mfalme Ludwig I alikuwa amewarudisha Wabenedikto tangu 1830, na abasia ya Mtakatifu Bonifasi, iliyowekwa wakfu mwaka 1850, ilikuwa ndani ya mji huo. Ndiyo iliyopewa pia Andechs na kiwanda chake cha bia. Grützner angeweza kuwatembelea kwa miguu. Tena Bavaria haikufikia ukali wa Prussia. Je, hoja ya ghala lisilo na mwenyewe haiporomoki? Haiporomoki, ila inasahihishwa. Watawa waliorudi walirudi kwa fadhila ya mfalme, wakiwa na shule na parokia za kuhudumia, bila mashamba makubwa ya zamani. Hawakuwa tena mabwana wa ardhi wa mtu yeyote. Picha za Grützner zinawapita hawa wa siku zake na kurudi kwa wale wa kabla ya 1803, kisha zinawaondolea wale wa kabla ya 1803 mamlaka waliyokuwa nayo. Kinachosalia ni mtawa ambaye hakuwahi kuwepo: mwenye ghala la bwana mkubwa na asiye na nguvu za bwana mkubwa.

Ni nani aliyehitaji mtawa wa namna hiyo? Wanunuzi walikuwa tabaka la kati lililokuwa likitajirika katika miji ya Kijerumani na ng'ambo, watu wa vyumba vya kulia chakula vyenye mbao ukutani. Picha ilitundikwa mahali ambapo divai inanywewa, na hapo ilifanya kazi mbili. Ilimhakikishia mnywaji kwamba raha yake ina asili ya kale na yenye baraka. Pia ilimwambia kwamba hata waliohubiri kiasi hawakuwa na kiasi, basi yeye ana kosa gani? Mkatoliki aliweza kuicheka bila kuudhika, na Mprotestanti bila kujiona mchokozi. Picha inayouzwa kwa kambi zote mbili za vita ni bidhaa nzuri. Inaeleza kwa nini Grützner alipewa uprofesa, na mwaka 1916 hadhi ya ukabaila iliyomwongezea neno von katika jina lake. Inaeleza pia wingi wa waigaji, na kwa nini karatasi, vigae na postikadi zilimbeba mtunza ghala huyu hadi katika nyumba zisizoweza kununua turubai.

Miongoni mwa waliompenda sana alikuwemo Adolf Hitler, ambaye hakuwa mnywaji. Albert Speer, katika kumbukumbu zake za 1969, anasimulia jinsi kiongozi huyo alivyoamini kwamba Grützner hajathaminiwa ipasavyo na kwamba siku moja bei zake zitamfikia Rembrandt. Wapo wanaoitumia habari hii kumhukumu mchoraji, jambo ambalo si haki. Alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1925. Inachofichua ni upande wa mpokeaji. Utawala uliozitwaa monasteri nyingi tena katika miaka ya 1940 na 1941 uliongozwa na mtu aliyefurahia kuwa na watawa wanaotabasamu ukutani. Mtawa wa turubai hapingi amri.

Mwaka 1884, wakati Grützner akiwa katika kilele cha umaarufu wake, Andreas Amrhein, mtawa aliyetoka Beuron, alianzisha Bavaria jumuiya ya Wabenedikto wa kimisheni. Mwaka 1887 ilihamia Emming, mahali panapoitwa leo St. Ottilien, upande wa magharibi wa Munich. Mwaka 1888 kundi la kwanza lilifika Dar es Salaam na kujenga kituo Pugu; Januari 1889, katika vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakatekwa. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa. Kuhusu watawa hawa yapo mengi ya kubishaniwa, kuanzia na uhusiano wao na dola ya kikoloni iliyowatangulia au kuwafuata, na wapo wenye haki ya kuwaandikia tashtiti kali. Walikuwa na ardhi, karakana, mashine za kuchapa, na mamlaka juu ya watu. Mtunza ghala wa Peramiho alikuwa na funguo za kweli. Lakini mteja wa Munich aliyetaka mtawa kwa ajili ya chumba chake cha kulia aliendelea kuletewa yule wa kabla ya 1803, bilauri mkononi.